Mbeba Shanga

Kila asubuhi, kabla hajafunga vifungo vya gauni lake la unesi, Mwantumu alipapasa kiuno kuhakikisha watu wake wote wapo. Walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa punje moja nyeusi iliyotungwa katikati ya shanga za kawaida, nyekundu na nyeupe, na usingeijua kama hukuambiwa. Shanga ya Kiwanda ilikuwa na joto kidogo kuliko nyingine, basi.

Punje ile ilipima damu ya yeyote aliyeivaa na kupeleka habari Kiwandani kwa jina la mwenyewe. Walioibuni walidhani mtu na shanga yake hawaachani. Masikini, hawakuwa wamekaa na wanawake. Msichana wa Kwemhina huvishwa shanga kiunoni hajaota meno, na akikua huziazima na kuziazimisha: kwa shoga anayeolewa, kwa dada aliyejifungua, kwa wifi anayetaka kumkumbusha mumewe kwamba bado yupo. Walipoletewa punje nyeusi wakaambiwa zivaliwe mchana na usiku, walizitunga pamoja na zile za bibi zao. Haukupita mwaka wakaanza kuzibebeana.

Kiwanda kilitengeneza damu. Damu isiyo na kundi, inayomfaa yeyote, ilitoka matankini na kwenda kwa bomba hadi hospitali za pwani. Matanki yalihitaji mbegu, na mbegu zilivutwa kwa sindano kwenye mifupa ya nyonga ya wanawake wa hapo hapo. Wenyewe waliita kukamuliwa. Aliyekamuliwa miaka kadhaa alianza kuhema akipanda ngazi, na ukimfunua kope unakuta ndani peupe. Damu yake ikishuka chini ya kumi, shanga ilimtoa kwenye zamu, na aliyetoka kwenye zamu alitoka pia kwenye nyumba ya Kiwanda na mgao wa unga. Aliambiwa akapumzike. Wapi, hakuambiwa.

Manesi hawakukamuliwa. Damu ya Mwantumu ilikuwa nzito na nyekundu kama ya msichana, na ndiyo maana alibeba. Alianza na shanga ya Chausiku, shoga yake tangu wakichezea vumbi, kisha wakaja wengine. Kiwandani ilionekana kwamba wanawake kumi na mmoja wa zamu ya mchana wana afya ya kuonewa wivu.

Alijiona anafanya wema. Tusimcheke; hata wewe ungebeba.

*

Chausiku aliingia zahanati kabla wagonjwa wengine hawajafika, amemshika mkono Sikudhani, wifi yake, mke wa mdogo wake Hoza. Alimkalisha kitandani, akafunga mlango, akaufunga tena kana kwamba mara ya kwanza haikutosha.

"Mwambie mwenyewe," alisema.

Sikudhani alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba ndoo. Alitazama miguu yake. "Nina mimba, Nesi. Sitaki kuizaa."

"Hoza anajua?"

"Anajua. Tumelia wote. Kasema bora abaki na mimi na wale wawili tulio nao." Akainua macho. "Safari ile nilijifungulia kitanda hiki hiki. Wewe ndiye uliyenishika. Mtoto alitoka kishafariki, na mimi ulinifuata huko nilikokwenda ukanirudisha. Nikizaa tena nitakufa, na wewe unajua."

Mwantumu alijua. Hakuhitaji kukumbushwa kitanda. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba, akaona alichotegemea kuona: rangi ya wali. Akaenda kwenye rafu ya chai, akatoa mkebe wa sukari alimoficha kipimo cha zamani, kile cha kutoboa kidole, ambacho Kiwanda kiliagiza kitupwe. Tone la Sikudhani lilikuwa jepesi. Kipimo kilifikiri kidogo, kikaandika saba.

"Saba na nini?" aliuliza Chausiku.

"Saba tupu."

Kwenye ukuta wa pili Kabati liliwasha taa yake ya kijani, likisubiri. Zahanati ya Kwemhina haikuwa na daktari; ilikuwa na Kabati. Lilitunza mfuko wa damu na dawa zote isipokuwa dripu na sindano za dharura, na lilitoa kwa kusoma shanga. Vidonge vya kutoa mimba lilitoa pia, bila maswali ya aibu na bila kumwambia mtu, kwani sheria iliruhusu, mradi mimba iwe changa na shanga isome kumi au zaidi. Chini ya kumi lilifunga. Damu ya mgonjwa ni chache, lilisema, atapoteza nyingine. Ni kwa usalama wake.

Usalama wake! Mwantumu alikuwa ameligombeza Kabati kwa neno hilo zaidi ya mara moja, kama mtu anavyogombeza redio. Mwenye damu chache akikataliwa vidonge hapati damu nyingi kwa kukataliwa. Anapata mimba ya miezi tisa inayomnyonya, kisha uzazi unaomwaga damu kuliko vidonge vilivyowahi kumwaga. Au anapata kijiti cha mtu huko nyuma ya nyumba. Alichojua Mwantumu, kwa kufundishwa na kwa kuona, ni kwamba mwanamke wa namna hiyo hafukuzwi. Anapewa madini ya chuma, anatolewa mimba karibu na watu wanaojua, na damu inawekwa tayari pembeni. Bomba la mkono la kusafishia kizazi lingefaa zaidi, maana humwagisha kidogo. Bomba lilichukuliwa siku Kabati lilipofungwa ukutani. Waliambiwa Kabati linatosha.

"Tukirudisha shanga yake kiunoni mwake," Mwantumu alisema taratibu, "ikamsoma kweli, Kabati litafunga."

"Na atatolewa kwenye zamu," Chausiku alisema.

"Na atatolewa kwenye zamu. Tukiiacha hii habari nzuri iliyomo, litafungua. Lakini sikilizeni vizuri. Shanga haisomi ya leo peke yake. Inachukua wastani wa siku nyingi. Akipata vidonge kwa damu yangu, basi hata akimwaga yote, Kabati litaendelea kumwona mzima. Halitatoa mfuko. Hata ndege ya wagonjwa huitwa kwa shanga hiyo hiyo."

Sikudhani alimtazama kama anayetafsiriwa hukumu. "Kwa hiyo nikisema kweli sipati dawa. Nikisema uongo sipati damu."

"Ndiyo."

"Basi nipe dawa," alisema Sikudhani. "Damu tutaiomba Mungu."

Mwantumu alitamani kumwambia asubiri, wamwekee dripu za chuma wiki chache. Lakini mimba ilikuwa inakaribia ukomo wa Kabati. Alifungua gauni, akapekua kiunoni mpaka akaipata punje ya Sikudhani, akaisogeza mbele ya jicho la Kabati ikiwa bado ina joto la mwili wake.

"Karibu, ndugu Sikudhani," Kabati lilisema kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. "Afya yako ni njema sana. Hongera."

Droo ikafunguka.

*

Alimkataza kwenda nyumbani. Alimlaza chumba cha ndani, akamning'inizia dripu ya chuma siku ile aliyomeza kidonge cha kwanza, akamlisha maini na mchicha kwa mkono wake. Kesho yake Chausiku aliomba ruhusa ya msiba, akatunga na jina la marehemu, akaja kukaa naye. Asubuhi hiyo Sikudhani aliweka vidonge vya pili shavuni, akavishikilia vikayeyuka, akasema vina ladha ya chaki.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa wengi. Tumbo lilikaza, damu ikaanza, Sikudhani akauma kanga na kumtukana Hoza kwa upole, wakacheka. Chausiku alimsimulia habari za marehemu wake wa kubuni, mzee mmoja bahili aliyefariki kwa kukataa kununua dawa ya kikohozi, na Sikudhani akacheka hadi akashika tumbo. Mwantumu alitazama vitambaa. Alikuwa anasubiri ipungue.

Haikupungua. Adhuhuri ilipoingia alikuwa anabadilisha vitambaa kabla hajakaa vizuri. Alimchoma sindano ya kukaza kizazi, akafungua dripu ya maji mkondo wote, akaita jina lake kila mara ili amsikie akiitika. Kisha kilichobaki tumboni kikatoka, kizazi kikakaza, na damu ikawa ya kawaida. Mwanamke mwenye kumi na mbili angeomba chai saa hiyo. Angekwenda nyumbani, akalala, akasahau.

Sikudhani hakuomba chai. Midomo ilikuwa imepata rangi ya jivu, mapigo yalikuwa yanakimbia kwa wepesi chini ya vidole vya Mwantumu, na aliuliza kwa nini wamezima taa wakati jua lilikuwa limejaa dirishani.

Mwantumu alikwenda mbele ya Kabati. Shanga ya Sikudhani ilikuwa sasa kiunoni mwa mwenyewe, alikomvisha damu ilipozidi. Kabati lilikuwa linaisoma kutoka kule kule kitandani.

"Naomba mfuko wa damu. Mgonjwa chumba cha ndani."

"Samahani, ndugu mhudumu. Mwenye shanga hii ana damu ya kutosha. Tunatunza akiba kwa wanaohitaji."

"Anahitaji! Amemwaga!"

"Samahani, ndugu mhudumu."

Alilipiga kofi. Lilimwomba radhi tena.

Kulikuwa na njia moja, na aliijua kwa sababu aliwahi kuogopa kwamba siku moja ataihitaji. Mhudumu angeweza kutamka mbele ya Kabati kuwa shanga fulani ilivaliwa na mtu mwingine. Kabati lingeifuta habari yote ya zamani na kumsoma mgonjwa upya. Lakini shanga haikutunza damu tu. Ilitunza pia mapigo ya moyo, na moyo wa mtu una mwendo wake, haufanani na wa mwingine. Likishaambiwa, Kabati lingelinganisha shanga zote za Kwemhina. Lingekuta wanawake kumi na mmoja wana moyo mmoja.

Aligeuka. Chausiku alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha kwamba amekwisha kuelewa.

"Usitamke," alisema.

"Chausiku."

"Mwantumu, usitamke. Nakuomba kwa yule mama aliyetunyonyesha wote wawili. Yule ni wifi yangu, nampenda, nimemleta mimi. Lakini nina wajukuu wanne kwenye ile nyumba. Mwajabu ana mama kipofu. Tatu ana mtoto wa wiki tatu. Ukitamka, kesho tuko barabarani wote na vyombo vyetu."

"Na nikinyamaza?"

Chausiku alifuta uso kwa upindo wa kanga, akavuta pumzi kama anayepanda mlima, na Mwantumu akaona, kwa mara ya kwanza kwa namna ya kuona kweli, jinsi shoga yake alivyoegemea kizingiti.

"Nikinyamaza anakufa kabla ya alasiri," Mwantumu alijijibu. "Ninyi mtafukuzwa, na nitafukuzwa nanyi, na tutalala njaa pamoja. Hilo naliogopa sana. Lakini yeye atakufa, Chausiku, na atakufa kwa damu yangu niliyomwandikia. Mimi ndiye niliyeliambia Kabati kuwa ana afya."

"Ulituambia sote tuna afya!"

"Ndiyo," Mwantumu alisema. "Niliwaambia wote."

Alirudi mbele ya Kabati, akatamka. Alitaja jina lake, akataja la Sikudhani, akasema shanga ile aliivaa yeye. Taa ya kijani ikageuka njano.

"Asante kwa ukweli wako, ndugu mhudumu," Kabati lilisema. "Tunalinganisha."

Hawakusubiri sana. Kule Kiwandani king'ora cha zamu kilipigwa kabla ya wakati wake, kikanyamaza, kikapigwa tena. Kisha spika za nguzoni zilianza kusoma majina. Chausiku aliposikia lake alikaa kwenye benchi, akakunja mikono mapajani.

"Shanga zilizovaliwa vibaya zirudishwe kwa wenyewe," Kabati lilisema. "Tutasoma upya na kugawa akiba kwa haki."

Mwantumu alikata uzi kiunoni. Shanga zikamwagika sakafuni, nyekundu na nyeupe zikikimbilia chini ya vitanda, na yeye akapiga magoti kuokota nyeusi. Ya Chausiku aliijua kwa alama ya jino. Mjukuu aliitafuna akiwa mdogo. Alimwekea mkononi, akamfumba vidole.

Kabati lilisoma. Lilichukua muda ambao Mwantumu aliutumia chumba cha ndani, akimwita Sikudhani na kuitikiwa kwa mguno. Droo ilipofunguka alikimbia. Mfuko ulikuwa pale, mmoja, wenyewe tu. Hiyo ndiyo akiba yote ambayo mji unaotengeneza damu uliruhusiwa kubaki nayo. Aliunyakua, akaugeuza asome.

Uliandikwa jina la Chausiku.

Alisoma tena. Juu ya droo, kioo cha Kabati kilionyesha hesabu mbili, moja chini ya nyingine. Sikudhani, sita. Chausiku, tano.

Hapo akaelewa. Shanga hupima uzito wa damu, haipimi wingi wake. Mtu akimwaga damu kwa ghafla, iliyobaki mwilini huchukua muda kuwa nyepesi; ukimwaga nusu ya mchuzi, nusu inayobaki sufuriani ina chumvi ile ile. Sikudhani alibakiwa na damu ya vikombe vichache tu, lakini kila tone lake lilisoma sita. Chausiku hakuwa amemwaga hata tone. Alikuwa amekauka taratibu, mwaka baada ya mwaka, akienda zamu, akikamuliwa, akirudi kupika, huku shanga yake kiunoni mwa shoga yake ikitangaza afya njema. Mtu mwenye tano hatakiwi kusimama. Asubuhi ile alikuwa amechota maji ya kumwogeshea wifi yake.

"Mbona huendi kumwekea?" Chausiku aliuliza kutoka benchini.

Mwantumu alimwonyesha mfuko. Chausiku hakujua kusoma vizuri, ila jina lake alilijua. Alilitazama, akatazama kioo, akarudi kwenye jina.

"Tano ndiyo nini?"

"Ndiyo kifo kinachotembea," Mwantumu alisema, akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha. "Ni mimi, shoga yangu. Ungetolewa zamu miaka mitatu iliyopita, ungelia, ungenilaani, na leo ungekuwa na damu. Mimi nilikubeba ili wakukamue."

Chausiku alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Mfuko haukufunguka ila kwa shanga iliyoandikwa. Kizibo chake kilikuwa na jicho dogo. Chausiku alinyoosha ngumi yenye shanga, akaifungua juu ya kizibo. Kikalia, kikaachia.

"Haya. Mwekee."

"Chausiku, na wewe—"

"Mimi nimezoea," Chausiku alisema. "Yeye ndiyo kwanza anaanza. Nenda, atakufa tukibishana."

Mwantumu alikwenda. Aliupata mshipa kwa mara ya pili, akafungua mkondo, akakaa na kidole kwenye mapigo ya Sikudhani akiyasikiliza yakirudi kutoka mbali, moja moja, yakipunguza mbio. Rangi ilirudi kwanza kwenye kucha, kisha kwenye midomo. Sikudhani alifumbua macho, akaitambua dari, akauliza wifi yake yuko wapi.

"Yuko nje," Mwantumu alisema. "Amekaa."

Wanawake walikuwa wameanza kufika. Walitoka Kiwandani wakiwa na mashati ya kazi, tisa, wakapanda kibaraza bila kupiga kelele. Mwajabu aliingia wa kwanza. Mwantumu alijiandaa kutukanwa, alitamani kutukanwa. Mwajabu alimpita, akainama sakafuni, akaanza kuokota shanga nyekundu na nyeupe na kuziweka kwenye upindo wa kanga, na wengine wakainama naye, wakisimama kupumzika kila baada ya punje chache.

"Chausiku, njoo utusaidie," Tatu aliita, mtoto akiwa mgongoni. "Umekaa kama mwali."

"Nakuja," alisema Chausiku.

Aliweka mikono miwili kwenye benchi. Akajisukuma, akainuka kidogo, akarudi. Akacheka kidogo kwa aibu.

"Ngojeni," aliwaambia. "Miguu haijafika."

Walingoja. Kabati liliwasha taa ya kijani, likauliza kwa adabu kama kuna mwingine anayehitaji huduma.